Hita ya jua ya Sakina: kumbukumbu kuanzia Februari hadi Julai

Februari 3. Hita yetu ya jua, yenye tangi la lita 200, iko juu ya paa hapa Sakina, Arusha, tangu Novemba, na sikuwahi kuiandika kwa kuwa ilifanya kazi yake kimya kimya. Leo naiandika kwa sababu inadondosha maji. Bomba dogo linalotoka kwenye valvu ya usalama na kushuka ukutani hadi karibu na karo limelowesha sakafu, na nimeona kwamba siku za jua kali matone huanza mnamo saa tano asubuhi na kukoma jioni. Fundi bomba alipanda, akaangalia, akashuka na jibu fupi: "Mama, hapa tunaziba kwa plagi tu, kazi imekwisha." Nikamwomba asiguse kitu kwanza.

Februari 7. Kwa siku tatu nimetega ndoo chini ya bomba hilo. Siku mbili za jua nilipata maji yanayokaribia lita 3, na siku ya mawingu sikupata hata nusu lita. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa takribani asilimia 1.5, ambayo kwa lita 200 ni lita 3. Kwa hiyo valvu haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ikitoa nje kile ambacho tangi halina nafasi ya kukibeba.

Swali lililobaki ni kwa nini haikudondosha Novemba wala Desemba. Nilikumbuka kwamba mwanzoni mwa Januari bomba la maji baridi la jikoni lilikuwa likitoa maji ya uvuguvugu, na fundi huyo huyo akatibu tatizo kwa kufunga valvu inayozuia maji kurudi nyuma. Kabla ya hapo, maji yaliyotanuka yalikuwa yakirudi taratibu kwenye simtanki lililo mnarani. Baada ya hapo yalikosa pa kwenda, presha ikawa inapanda kila siku hadi valvu ya usalama inafunguka.

Plagi ingenyamazisha matone na kuacha presha ndani. Tena hita hii ina koili ya umeme ya kilowati 1.5 kwa ajili ya siku za baridi; themostati yake, yaani kidhibiti joto, ikikwama, maji yaliyofungiwa yangeweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, na tangi likipasuka sehemu yake ingegeuka mvuke papo hapo. Maji yakiwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Chini ya tangi lile ndipo wanapolala wajukuu.

Februari 24. Tumevuta bomba jipya kutoka simtanki moja kwa moja hadi hita, lisilo na tawi lolote njiani, kisha tukaondoa ile valvu ya Januari. Kwa kuwa sasa jikoni hakuchukui maji kwenye bomba la hita, maji ya moto hayavutwi tena upande wa baridi, na yanayotanuka yana njia ya kurudi. Koki ya bomba hilo nimeing'oa mkono nikauhifadhi ndani, maana mtu akiifunga bila kujua, njia hiyo inakufa na tunabaki na valvu ya usalama peke yake.

Breka ya koili ilizimwa kabla ya spana kugusa chochote. Paneli tulizifunika kwa turubai tangu jana jioni, na kujaza maji tulimaliza kabla jua halijapanda, kwa sababu maji baridi yakiingia ghafla kwenye paneli iliyokauka na kuungua jua yanaweza kuiharibu. Mwishoni niliinua kishikio cha valvu ya usalama, maji ya moto yakafoka kupitia bomba la kutolea. Nilipokiachia, matone hayakukoma. Nikakiinua tena kwa nguvu, punje za mchanga zikatoka, ikafunga vizuri. Nitarudia hivyo kila baada ya miezi sita.

Februari 28. Ndoo kavu, jua kali.

Machi 9. Kipimajoto kwenye bomba la moto la bafuni kimesoma nyuzi 68. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto huungua upesi zaidi. Nilishauriwa nishushe themostati hadi 45. Ushauri huo una kasoro mbili: themostati inaongoza umeme, hailiongozi jua, na maji yanayokaa kati ya nyuzi 20 na 45 ndiyo yanayopendwa na bakteria wa Legionella, ambao huleta homa kali ya mapafu mtu akivuta hewa yenye matone yao. Kwa hiyo tangi litabaki na moto wake, na kabla ya bafu nimefunga valvu ya kuchanganyia inayoishia nyuzi 43. Iligharimu zaidi ya nilivyotaka, na sijutii.

Julai 12. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumanne. Maji ya tangini yamekaa nyuzi 37 kwa siku tatu, basi jana jioni niliwasha koili hadi yakafika 60. Ilichukua zaidi ya saa tatu na nusu na kula uniti 5 na ushei za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Wakati wote ule nilishuka mara mbili na tochi kuangalia bomba la valvu ya usalama. Sakafu ilikuwa kavu.

Novemba nitafungua tangi kukagua fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu kwa niaba ya chuma. Spana ya saizi yake bado sijaipata.