Kura Yangu Ilipanda Treni

Kisanduku kimoja tu kilinikalisha mezani karibu nusu saa. Fomu ya kuomba karatasi ya kura ya Marekani nilikuwa nimeshaijaza: jina, nambari ya pasipoti, anwani ya nyumba ya mwisho niliyoishi kule Brooklyn Park, Minnesota. Kisha ikauliza kama nakusudia kurudi Marekani au sina hakika. Mamangu alikuwa amelala chumba cha pili, wiki ya tatu tangu atoke hospitali, na mimi niliyekuja Mombasa kwa mwezi mmoja nilikuwa nauingia wa saba.

Nikatia alama penye "sina hakika".

Kwa wasioujua utaratibu wenyewe: raia wa Marekani aliye ng'ambo hana kituo cha kupigia kura ubalozini. Hujaza hiyo fomu, inaitwa FPCA, akaipeleka kwa afisi ya uchaguzi ya mahali alipoishi mwisho, nao wakamtumia karatasi ya kura. Tangu sheria ya 2009 wanatakiwa waitume angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Uchaguzi ulikuwa Novemba 5, 2024, na yangu iliingia kwenye barua pepe Septemba. Ila Minnesota, kukuletea kwa barua pepe inakubali, kurudisha kwa barua pepe haikubali. Lazima karatasi yenyewe isafiri, tena iwe imefika siku ya uchaguzi.

Nyumbani hatuna printa, nikaenda saiba pale Kisauni. Kijana akafungua faili, akakunja uso.

"Hii fomu ya nini, auntie?"

"Kura."

Akasoma tena, akamwona Trump, akawaita wenzake wawili. Wakaniinamia begani kana kwamba nimewaonyesha picha za harusi. Mmoja akauliza huyu Walz aliyeandikwa chini ya Harris ni nani. Nikasema ni gavana wangu, na nikajisikia nikijigamba kidogo. Kura ya siri hiyo, imeshatazamwa na Kisauni nzima kabla sijashika kalamu!

Ilikuwa na nafasi tatu tu: rais, seneti na mbunge wa Congress. Kule nilizoea karatasi iliyojaa mbele na nyuma, mahakimu, bodi ya shule, hata maswali ya kubadilisha katiba ya jimbo. Hizo zote hazikuja. Ni ile alama yangu ya "sina hakika": asiyejulikana atarudi lini, mambo ya mtaa hayamhusu tena. Sikuona kosa lao, lakini iliniuma.

Jioni nikaikunja mbele ya Mama. Bahasha ndani ya bahasha, sahihi juu. Akanitazama mpaka nimalize.

"Sasa hiyo nani anailinda?"

"Hakuna, Mama. Inakwenda na posta."

"Wakala?"

"Hakuna."

"Na fomu 34A wataibandika mlango upi?"

Mama si mtu wa kubishana naye mambo ya uchaguzi. Agosti 9, 2022, siku ya uchaguzi wa Kenya, alifika kituoni kabla ya alfajiri na kigoda chake, na usiku ule alimsumbua mpwa wangu amtafutie hiyo 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo kile, kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, amsomee hesabu moja moja.

Mimi siku hiyo nilikuwa Minnesota na sikupiga kura. IEBC ilifungua vituo katika nchi 12, hilo nawapongeza, maana 2013 ilikuwa ni majirani wa Afrika Mashariki tu. Lakini Marekani yote ilipata Washington, New York na Los Angeles. Kujiandikisha uende mwenyewe, kupiga kura uende tena. Ndege mara mbili, kwa kura ya rais peke yake! Tulioandikishwa ng'ambo nzima tulikuwa elfu kumi na kidogo. Nasema "tulio" kwa mazoea; mimi sikuwamo. Katiba, Ibara ya 82, inasema haki hiyo itatimizwa hatua kwa hatua, na pesa tunazotuma zinapita dola bilioni 4 kwa mwaka. Pesa hazikuambiwa zije hatua kwa hatua.

Kwa hiyo ndiyo, naitaka bahasha ya Kenya pia. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema, "Bahasha ya Kenya ningeifungua mimi kwanza." Sikuwa na jibu.

Kampuni ya vifurushi ilinitajia bei nikacheka. Ubalozi wa Marekani huzipokea kura na kuzipeleka kwao kwa mfuko wa kidiplomasia, lakini ubalozi uko Gigiri, Nairobi, na mimi niko pwani. Basi nikamwomba dada yangu akae na Mama, nikapanda treni ya Madaraka Express, shilingi 1,500, bahasha nimeipakata miguuni isikunjike. Nikaikabidhi getini, nikalala kwa binamu yangu South B, asubuhi nikarudi.

Kila siku nikawa nafungua ukurasa wa jimbo kuifuatilia. Wiki mbili, hakuna neno. Asubuhi moja mwishoni mwa Oktoba nikakuta imepokelewa. Nikamkimbilia Mama chumbani.

"Imepokelewa na nani?"

"Kaunti ya Hennepin."

"Unamjua mtu huko?"

"Hapana."

Akanyoosha mkono, nimpe maji ameze dawa.