Pho mbili, bakuli moja mezani

Kwetu Tanga supu huliwa asubuhi. Unapita kibandani jua halijapanda, mifupa imechemka usiku kucha, unakamulia ndimu, unatia pilipili, unapewa chapati, siku inaanza. Huu ni mwaka wangu wa sita Kampala. Watu wa hapa wana rolex yao, chapati iliyoviringishiwa mayai, nami naipenda kweli, lakini hamu ya supu haijanitoka. Kwa hiyo binamu yangu aliponiambia kuna mgahawa wa Kivietinamu mtaani Kololo wanaopika pho, sikumwacha amalize kusema.

Pho nayo kwao ni supu ya kufungulia kinywa. Mifupa ya ng'ombe inatokota kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni kwanza, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Ukiondoa hiyo nyota, vyote vimo kabatini mwa mama yangu.

Mahali penyewe ni pa kisasa: kuta za saruji tupu, taa zinazoning'inia karibu na kichwa, menyu unaisoma kwenye simu. Kijana wa mlangoni alipotusikia tukiongea, akaacha Kiingereza na kutukaribisha kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. Katika mji ambao wengi bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari, jambo lile lilinigusa sana.

Yeye ndiye aliyetushauri tuanze na vile vya kuviringishwa kwa karatasi ya mchele, laini mpaka unawaona kamba walio ndani. Nilipouma nikakutana na rehani mbichi. Rehani! Sisi tunaifunga kwenye kikuba pamoja na asumini, inanukia kifuani mwa bibi harusi. Kuila sikuwahi kufikiria. Unachovya kwenye maji ya dagaa waliolazwa na chumvi miezi mingi, yakachanganywa na ndimu, sukari na kitunguu saumu. Nilifumba macho.

Kisha yule kijana akahamishiwa meza za barazani, na mambo yakaharibika.

Pho yangu ikafika. Ya binamu haikufika. Nyama ilikuwa imekatwa nyembamba na kuwekwa mbichi, iivie humo humo ndani ya mchuzi wa moto. Chakula cha namna hiyo hakisubiri mtu.

"Kula, dada, inapoa."

"Nile wewe ukinitazama? Tusubiri."

Tulisubiri dakika 25. Kila mhudumu tuliyemwita alijibu kwa upole, "Bambi nnyabo," yaani pole bibi kwa Kiganda, "inakuja," akapita. Ilipokuja, haikuwa na sahani ya majani, wala machipukizi ya choroko, wala ndimu. Tambi zangu wakati huo zilikuwa zimekunywa mchuzi wote na kuvimba. Niliumia, na sikuumia kwa sababu ya fedha. Kuna mtu jikoni aliyebandika sufuria ile labda tangu usiku, na kazi yake yote ikapotea katika hatua chache kutoka jikoni hadi mezani.

Wahudumu siwalaumu. Niliwahesabu: watatu, ukumbi umejaa na baraza limejaa. Mwenye mgahawa aliyeweza kulipia taa zile angeweza kuajiri vijana wawili zaidi, na hilo nilimwambia msimamizi uso kwa uso kabla ya kuondoka. Alisikiliza.

Kahawa ilitutuliza. Inadondoka tone kwa tone kwenye kichujio kidogo cha bati, chini kuna maziwa mazito ya kopo, kisha barafu. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, baada ya Brazil, na karibu yote ni robusta, mmea ambao Uganda ni mojawapo ya nchi zake za asili. Buni tuliyokunywa ilitoka Masaka. Nikamwona mzee wangu wa Tanga na deli lake la kahawa, vikombe vikigongana mkononi.

Tulipokuwa tunalipa, kijana wa Kiswahili akarudi kutoka barazani. Alikuwa ameliona bakuli langu. "Pole sana, dada," akasema, akaniwekea kibakuli cha mchuzi mtupu, unaofuka moshi. Nilikamulia ndimu, nikaunywa wote nikiwa nimesimama.

Jumamosi tunarudi, saa tano, kabla watu hawajajaa. Tutaomba meza yake.