Samaki wadogo wa Kivu: kwanza pezi, halafu mifupa

Sambaza wa kwanza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu, ametoka kwenye gliserini, na kazi ya kumtia rangi imefaulu. Nyama yake inapitisha mwanga, mifupa imeiva wekundu, gegedu, ile mifupa laini, ni za bluu. Kwa wanaoanza kufuatilia sasa: kutoka kwa kila samaki nataka mifupa yake yote ikiwa imeshikana, pamoja na vinasaba vyake. Vyote viwili vinapatikana kwa samaki mmoja, ila utaratibu lazima ufuatwe.

Pezi linatangulia. Mama mmoja wa soko la Kadutu, hapa Bukavu kando ya ziwa, ananiwekea sambaza wazima wasiovunjika. Wakiwa bado wabichi, nakata kipande cha pezi la upande wa kulia, nakitia kwenye kichupa cha alkoholi ya asilimia 95, na namba naiandika kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka humo. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi mno. Ndipo samaki anaingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi miili isioze, barazani, nikiwa na glavu, kwani mvuke wake ni sumu. Fomalini hulinda umbo vizuri sana, lakini huigandisha DNA na protini na kuikatakata. Ndiyo maana samaki wengi wa zamani kwenye makumbusho wana miili mizuri na vinasaba vigumu kusoma.

Baada ya kuoshwa, huingia kwenye rangi ya alsiani iliyotiwa asidi, inayoshika gegedu. Hapo sikawii: asidi hula chokaa ya mfupa, na mfupa usio na chokaa haushiki wekundu. Kisha tripsini, kimeng'enya cha protini, ndani ya maji ya boraksi humeng'enya nyama. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi, na tripsini hupenda joto la mwili. Kwa kuwa umeme hauaminiki, chupa inakaa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu ninayoyabadilisha kila yakipoa. Mwisho ni alizarini nyekundu, rangi inayoshika mfupa, ndani ya potasi kali, halafu gliserini, nikiiongeza kidogo kidogo. Njia hii ya rangi mbili ilichapishwa na Dingerkus na Uhler mwaka 1977, na mpaka leo sijaona nzuri kuliko hiyo kwa samaki wa urefu wa kidole.

Kwenye lenzi, tumbo la sambaza lina mstari wa magamba magumu yenye ncha, yamepangana kama meno ya msumeno. Ukimla amekaangwa huwezi kuyaona. Huyu, Limnothrissa miodon, si mwenyeji wa Kivu: mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vya aina mbili vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika, na ni yeye tu aliyeshika ziwa.

Wenyeji wenyewe ni Haplochromis, aina kama 15 zisizopatikana mahali pengine popote, na hao ndio wanaonivuta zaidi. Kooni wana taya la pili, mfupa wa pembetatu uliojaa meno, na meno hayo husaidia kujua samaki anakula nini. Kwa kuwatofautisha, taya hilo naliamini kuliko jeni ya COI, kipande cha herufi za DNA kama 650 ambacho watafiti wengi hutumia kutambua wanyama. Aina hizi zimeachana juzi tu kwa hesabu ya ziwa, kwa hiyo herufi zao zinakaribia kufanana. Kwa sambaza, COI inatosha kabisa.

Vipande vya pezi vinangoja maabara yenye mashine ya PCR, inayonakili DNA mara nyingi. Huko vitayeyushwa kwa proteinasi K, kimeng'enya kingine cha protini, kwenye nyuzi 56, ndipo jeni izidishwe. Alkoholi inavitunza bila friji, mradi niibadilishe mara ya kwanza, kwani pezi bichi huitia maji. Kundi linalofuata ni Haplochromis wa kwenye mawe, na kabla ya tripsini nitawatoa rangi ya ngozi kwa peroksaidi, kwa kuwa ngozi yao nyeusi ingenificha taya lile.