Mirathi ya baba aliyekuwa na majina matatu: uzoefu wangu kutoka Rungwe

Baba yangu alizikwa kijijini kwetu, wilayani Rungwe, kwa jina la Ambakisye, jina alilopewa na bibi na ambalo majirani walimwita nalo maisha yake yote. Cheti chake cha ubatizo kutoka Kanisa la Moravian kinamtaja kama Petro. Benki alifungua akaunti kwa jina la Peter, na hilo ndilo lililoingia katika kitambulisho chake cha Taifa. Jina la ukoo nalo lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, kwa kuwa karani mmoja wa zamani wa chama cha wakulima alilipunguza silabi moja, na waliomfuata wakaendelea kunakili vilevile. Alipokuwa hai jambo hilo halikumsumbua mtu, maana kila ofisi ilimfahamu kwa sura. Alipofariki, kila karatasi ikawa na mtu wake, nasi tukatakiwa kuthibitisha kwamba watu hao wote ni marehemu mmoja.

Naeleza hapa namna tulivyoshughulikia suala hilo hadi mirathi ikafungwa, kwa sababu wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wana jina la nyumbani, jina la dini na jina la ofisini, na watoto wao hulikuta tatizo hilo wakiwa bado na msiba.

Baada ya matanga, kabla sijaenda ofisi yoyote, niliketi na mama tukatoa karatasi zote za baba zilizokuwa katika begi lake: kadi ya bima, kadi ya mpiga kura, kitabu cha benki, hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, na bunda la stakabadhi za majani mabichi ya chai zilizofungwa kwa mpira. Kwa kila karatasi niliandika daftarini jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, bila kulisahihisha hata pale kosa lilipokuwa wazi. Baadhi ya stakabadhi zilikuwa nakala za kaboni ambazo wino wake ulikuwa umefifia kiasi kwamba tulizisoma kwa kuziinua dirishani. Tulipofika kwenye kitambulisho, mama alikishika kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hilo la Peter mimi nililisikia siku ya kupigwa picha. Baba yenu hakuwahi kuniambia kwamba ana jina la Kizungu."

Daftari hilo ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata, kwa kuwa lilituonyesha ni jina lipi lichukuliwe kuwa jina kuu. Baadhi ya ndugu walitaka liwe Ambakisye, kwa hoja kwamba ndilo jina lake la kweli, na kwa upande wa heshima walikuwa na haki. Mimi nilishikilia jina lililomo katika kitambulisho cha Taifa, kwa sababu namba ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yenye tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa, ndiyo ambayo benki huitumia kumtambua mteja wake, na jina linalotofautiana nayo huzua maswali mapya kila dirisha unalofika. Majina mengine hayakutupwa. Yaliwekwa yote kama majina aliyojulikana nayo.

Cheti cha kifo ndicho karatasi ya kwanza kuandikwa upya, na karatasi zote zinazofuata hulichukua jina kutoka humo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, wakati kizazi hupewa siku 90. Usajili huo uko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, lakini wilayani msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya, na hapo ndipo wananchi wengi huenda. Baba alifia hospitali jijini Mbeya, hivyo tulikuwa na taarifa ya kifo kutoka hospitalini, nayo ilikuwa imefuata jina la kadi ya bima, yaani Peter. Aliyefia nyumbani huhitaji barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na hapo ndipo jina la nyumbani huingia kwa urahisi, kwa sababu mtendaji huandika jina analolijua. Mwenye msiba wa namna hiyo na aende kwa mtendaji akiwa na kitambulisho cha marehemu mkononi, aombe jina linakiliwe kutoka humo. Nilipokabidhiwa cheti nilikisoma palepale dirishani, jina, umri, tarehe na mahali pa kifo, kwa kuwa kurekebisha cheti kilichokwisha kutolewa ni maombi mengine yenye viambatanisho vyake.

Kilichofuata kilikuwa kiapo. Watu kadhaa walinishauri nitafute hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini hati hiyo husainiwa na mwenye jina mwenyewe, na marehemu hawezi kusaini. Kwa marehemu kinachotumika ni kiapo cha mtu mzima anayemfahamu, anayeapa mbele ya hakimu au wakili ambaye ni kamishna wa viapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Aliyeapa ni baba mkubwa, kaka yake marehemu, kwa sababu aliweza kusema kwa haki kwamba walikua pamoja. Wakili tuliyemwona Mwanjelwa, jijini Mbeya, aliandika kila jina pamoja na karatasi linamopatikana, akitumia daftari langu: Petro katika cheti cha ubatizo, Peter katika kitambulisho na akaunti, Ambakisye katika hati ya shamba, na jina la ukoo lililopungua silabi katika vitabu vya chama. Kiapo kinachosema tu kwamba marehemu alikuwa na majina mengi hakimsaidii karani wa benki, kwa kuwa karani hutafuta katika kiapo jina lile lile alilonalo kwenye kompyuta yake, na asipoliona hukurudisha.

Kikao cha ukoo kilifanyika nyumbani, chini ya mti wa parachichi, baba mkubwa akiwa mwenyekiti na dada yangu akiwa katibu. Sheria haimlazimishi hakimu kumteua mtu aliyependekezwa na ukoo, lakini katika mahakama za mwanzo muhtasari wa kikao huulizwa karibu kila mara, na usipokuwepo watu huanza kunong'ona. Dada aliandika tarehe, mahali, waliohudhuria na uhusiano wa kila mmoja na marehemu, orodha ya warithi wote, mali zinazojulikana, na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi, kisha kila mtu akasaini au kuweka dole gumba. Katika orodha ya warithi tulimwandika pia kijana ambaye baba alimzaa kabla ya kumwoa mama. Mjomba mmoja alikunja uso. Baba mkubwa akamwambia, "Shemeji, huyu alibeba msalaba siku ya maziko na sote tulimwona. Leo tumfiche karatasini?" Suala likaisha, na naamini kwa neno hilo tuliepuka pingamizi ambalo lingetuweka mahakamani muda mrefu.

Maombi hufunguliwa katika mahakama ya mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Kwa hiyo, ingawa baba alifia jijini, shauri lilifunguliwa Rungwe. Hujazwa Fomu Na. 1, inayoambatanishwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, nasi tuliongeza kiapo cha majina. Lugha ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo linalomwezesha mtu wa kawaida kujisimamia mwenyewe. Palipokuwa na ugumu ni suala la dini. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na baba alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Hakimu aliuliza aliishi vipi, alioa kwa taratibu gani, aligawaje mashamba, migogoro ya nyumbani ilimalizwa wapi, kwa kuwa kinachotazamwa ni mtindo wa maisha na nia ya marehemu, na ubatizo peke yake hautoshi kumwondoa mtu katika mila. Tuliposema kwamba alilipa mahari, aliishi kijijini na mambo yake yalisuluhishwa na wazee, shauri lilipokelewa. Aliyeishi kwa namna nyingine, hasa mjini, huenda akaelekezwa mahakama ya juu zaidi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na ni bora aulize masijala mapema kuliko kufungua shauri litakalofutwa baadaye kwa kukosa mamlaka.

Tangazo lilibandikwa mahakamani na katika ofisi ya kata ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa, baada ya mama na baba mkubwa kutoa maelezo, hakimu aliniteua kuwa msimamizi. Hapo niliomba jambo moja ambalo ningependa kila msomaji alikumbuke: kwamba barua ya usimamizi, ambayo ni Fomu Na. 4, itaje jina kuu la marehemu na kufuatiwa na maneno "aliyejulikana pia kama", kisha majina mengine yote kama yalivyo katika kiapo. Hakimu alikubali, kwa kuwa kiapo kilikuwa tayari ndani ya jalada. Kuanzia siku hiyo sikulazimika kueleza habari za Ambakisye na Peter kwa maneno. Nilitoa barua, karani akatafuta jina lake, akaliona. Niliomba pia nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa mhuri wa mahakama, nikaiweka barua halisi nyumbani.

Benki walitaka barua, cheti cha kifo, kitambulisho changu na fomu zao wenyewe. Chama cha wakulima ndicho kilichochukua muda, kwa sababu baba alikuwa amekopeshwa mbolea na deni lilikuwa katika jina lile lililopungua silabi. Baadhi ya ndugu waliona deni la jina lisilo sahihi si deni letu. Sikukubaliana nao, kwa kuwa kiapo kilichosema kwamba malipo ya chai ya jina hilo ni ya baba kilisema pia kwamba mbolea ya jina hilo aliichukua baba. Gharama za mazishi na madeni hutangulia, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi hutakiwa kuwasilisha mahakamani Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, na baadaye Fomu Na. 6, inayoonyesha hesabu na mgawanyo. Wasimamizi wengi nawaona wakiishia kwenye barua ya uteuzi, wakidhani kazi imekwisha, na huko ndiko ugomvi wa ndugu unakozaliwa miaka ikishapita. Muda usipotosha, mahakama inaweza kuuongeza ukiomba.

Fungu la mama lilileta mjadala mrefu kuliko majina. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Mjomba yule yule alizifahamu kwa moyo. Msaidizi wa kisheria wa wilayani, tuliyemwendea bila malipo, alitueleza kwamba kabla ya kugawa urithi ni lazima kwanza tujue kipi ni cha marehemu. Shamba la chai mama alilipanda na kulichuma kwa mikono yake tangu alipoolewa, na mchango wa mke katika mali ya ndoa unatambuliwa na mahakama zetu. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, ingawa ilihusu talaka, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Tuliandika katika Fomu Na. 5 kwamba nusu ya shamba ni ya mama, na iliyobaki ndiyo urithi. Warithi wote walisaini, mjomba akiwa shahidi.

Mahakama ilipopokea hesabu na kulifunga jalada, nilikwenda na nakala ya uamuzi katika masijala ya ardhi ya kijiji, ili hati ya kimila iondolewe katika jina la baba na kila sehemu iandikwe kwa mwenyewe. Mama, alipoulizwa jina lake na mtendaji, alitoa kitambulisho chake, akatoa na cheti cha ndoa, ambavyo navyo havikulingana. Kwa kuwa yeye yu hai na anaweza kusaini, yeye hahitaji kiapo cha jamaa. Ameshaandikiwa na wakili hati ya jina, na imepelekwa kwa Msajili wa Hati.