Daftari la mama mkwe: siku zangu baada ya kupasuliwa tumbo

Kabla jua halijatoka, mama mkwe wangu alikuwa ameshaingia chumbani na tochi, kwa sababu umeme hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, ulikuwa umekatika tena. Ananikuta nimelala chali, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya magoti. Amenawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Anashika kichupa cha kulia, kile cha plastiki laini kilichounganishwa na mrija unaotoka ndani ya tumbo langu, anakifungua, anamimina maji yake mekundu katika kikombe chenye mistari, anakiinua mbele ya macho na kusoma. "Makumi ine na tano." Yaani mililita 45. Anaandika katika daftari la shule la watoto. Halafu cha kushoto. Kisha anakibonyeza kichupa mpaka hewa yote itoke, anakifunga kikiwa bado kimebonyea ili kiendelee kuvuta. Jioni anarudia, anajumlisha, anapiga mstari chini ya hesabu. Hivyo hivyo, mpaka siku ya kumi na moja baada ya kupasuliwa.

Mama huyuhuyu ndiye aliyeniambia, miezi mitatu nyuma, kwamba tumbo la mwanamke ni alama ya watoto wake na halikatwi kwa ajili ya urembo. Sikumlaumu. Kwetu ukisema unakwenda kupasuliwa na huumwi, watu wanakuona unachezea uhai wako. Mimi nilikuwa nimetafuta sana mwanamke wa Lubumbashi aliyeeleza kwa Kiswahili namna abdominoplasti, upasuaji wa kukaza tumbo lililolegea, inavyokwenda, nikakosa. Nilipata picha za kabla na picha za baada. Siku zilizo katikati hakuna aliyezisema, na ndizo zilizonitoa machozi.

Watu wananiita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha. Mapasa wangu walizaliwa 2018, wote wawili na kilo zao nzuri, kwa upasuaji. Kilo zangu zilirudi ndani ya mwaka mmoja na nusu, lakini tumbo lilibaki limechomoza kama lina mimba ya miezi mitano, na chini yake ngozi ilijikunja ikaning'inia. Wakati wa joto la mwezi wa kumi jasho lilikaa katika ule mkunjo, pakachubuka, pakawasha. Mgongo uliniuma kila nikisonga bukari, ugali wetu. Nilifunga kitenge, nilikimbia asubuhi, nililala na njaa. Hapana.

Dokta mmoja alinilaza akaniambia, "Inua kichwa kidogo tu, mama," akaweka vidole vyake juu ya kitovu. Vinne viliingia. Alinieleza kwamba misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo, inayoshuka kutoka mbavuni mpaka kwenye mfupa wa kinena, imeunganishwa katikati na utando mgumu, na mimba inaunyoosha utando huo. Kwa wanawake wengi unajirudi wenyewe kiasi, na mazoezi yanasaidia. Wangu ulikuwa umelegea mno, na palikuwa na ngiri ndogo ya kitovu juu yake. Ile ngozi iliyochanika chanika, hakuna zoezi linaloirudisha. Nilipomsikia nililia palepale. Miaka yote ile nilikuwa nimejilaumu kwamba ni uvivu.

Alinieleza mambo mawili waziwazi. Kwanza, abdominoplasti haipunguzi kilo. Mtu afike akiwa amekaa na uzito wake ule ule angalau miezi sita. Pili, alimgeukia mume wangu, Papa Mapasa, akamuuliza, "Mumemaliza kuzaa?" Mimba nyingine haikatazwi kabisa, lakini inaweza kuachanisha tena kile kilichoshonwa. Tulirudi nyumbani tukazungumza wiki nzima juu ya swali hilo moja. Tuna watoto wanne. Tulimaliza.

Kabla yake nilikuwa nimepita mahali pengine. Mtu wa pale alikuwa tayari kunipasua wiki ileile, bila kupima hata damu. Nilipouliza nani atanipa dawa ya usingizi, alisema atampata mtu. Nilichukua mfuko wangu nikatoka. Dada yangu, ukienda kuuliza, uliza hayo: nani anakulaza usingizi na atakaa nawe mpaka mwisho? Oksijeni ipo? Umeme ukikatika, jenereta inawaka yenyewe? Damu ya kundi lako inapatikana? Usiku ukizidiwa, nani anashika simu? Anayekasirika kwa maswali hayo, muache.

Vipimo vilichukua siku mbili: damu kama inatosha, kundi la damu, sukari, figo, malaria, moyo. Waliniuliza kama navuta sigara, maana sigara inabana mishipa midogo na ngozi iliyovutwa inaweza kufa. Anayevuta anaacha wiki nne kabla, na haanzi tena mpaka kidonda kipone. Waliniachisha aspirini na dawa za miti nilizokuwa nikinywa. Pesa ilitoka kwenye likelemba yetu ya sokoni, mchango tunaopokea kwa zamu, zamu mbili, na akiba ya mume wangu.

Mwezi nilichagua kwa makusudi, wa saba. Mkanda wa kubana unavaliwa mchana na usiku, wiki sita, na katika joto nisingeuweza. Baridi yetu ya kiangazi ilinisaidia. Nilichosahau ni vumbi. Vumbi jekundu la Lubumbashi mwezi wa saba linamkohoza kila mtu, na hakuna kitu kinachouma kwa tumbo lililoshonwa kama kukohoa. Kupiga chafya ni vilevile, na hata kucheka. Muuguzi alinifundisha kukumbatia mto na kuukandamiza tumboni kabla kikohozi hakijafika. Mto ule nilitembea nao nyumba nzima kama mtoto mchanga. Mume wangu akawa anamwagia maji uwanja asubuhi na jioni.

Siku ya operesheni, dokta alinisimamisha wima akanichora tumboni kwa kalamu, kwa kuwa ukishalala ngozi inahama. Nikavalishwa soksi ndefu za kubana. Nililazwa usingizi wa dawa kwa muda wa saa tatu hivi. Walikata chini kabisa, panapofichwa na nguo ya ndani, kutoka nyonga hadi nyonga, wakanyanyua ngozi na mafuta mpaka karibu na mbavu, wakafunga ngiri, wakaishona misuli ikutane katikati, wakavuta ngozi kwenda chini na kukata iliyozidi, pamoja na kovu langu la zamani la uzazi. Kitovu hakihamishwi. Kinabaki kwenye mzizi wake, ngozi inapita juu yake, na wanatoboa tundu jipya kichungulie.

Nilipoamka sikusikia maumivu ya kisu. Nilisikia kubanwa, kama mtu amenifunga kamba kiunoni kwa nguvu zake zote na hataki kulegeza. Jioni ileile wauguzi wawili walinishika kwapani wakasema, "Mama, simama." Nilidhani wanakosea. Lakini kulala tu ndiko kunakoua: damu inaweza kuganda ndani ya miguu, kipande kikapanda mpaka mapafuni. Nilitembea hatua sita hadi dirishani, nimeinama kama mtu anayechuma lengalenga, mchicha wetu, shambani. Na usijaribu kujinyoosha. Ngozi imevutwa, misuli imeshonwa, unainama mpaka mwili wenyewe ukuruhusu. Kila siku nilichomwa sindano ya kuzuia damu isigande, na kitandani nilizungusha vifundo vya miguu mpaka nikachoka.

Usiku wa pili nilirudi nyumbani. Njia ya kutoka kliniki ina mashimo ninayoyajua moja moja sasa. Mwambie dereva aende polepole, na weka mto kati ya tumbo na mkanda wa gari.

Siku ya tatu ndiyo mbaya. Dawa za nguvu zimepunguzwa, mwili umevimba, huoni uzuri wowote, unaona mishono, mirija na damu. Nilimwambia mume wangu nimefanya kosa kubwa. Mama mkwe alinisikia kutoka jikoni. Hakusema neno, alileta maji ya vuguvugu akanifuta uso, shingo na miguu, na akaketi pale mpaka nikapata usingizi. Toka siku hiyo hakumwachia mtu mwingine daftari.

Choo nacho kilinitesa. Zile dawa za maumivu zinafunga tumbo, na kujikamua huwezi. Siku ya nne nilipewa dawa ya kulainisha, pamoja na papai asubuhi, lengalenga, uji mwepesi, na maji mengi kuliko nilivyozoea. Laiti ningeanza siku ya kwanza.

Wageni walikuja, kama kawaida yetu. Wengi tuliwaambia ni ngiri, na ilikuwa kweli, ingawa si yote. Shangazi yangu mmoja, kwa upendo wake wote, aliwasha mkaa akachemsha maji ili anikande kwa kitambaa cha moto, kama tunavyomfanyia mzazi. Mama mkwe alimzuia mlangoni. Dokta alikuwa ametuonya: ngozi ya chini ya kitovu inapoteza hisia, mishipa yake ya fahamu imekatwa, na mtu anaweza kuungua bila kujua. Nilijaribu mwenyewe kwa kidole. Niliona kidole kinagusa tumbo langu na sikusikia kitu. Hisia zinarudi polepole, miezi kadhaa, zikianza na kuwashwa na kuchomachoma. Sehemu nyingine huenda zisirudi.

Ukutani tulibandika mambo ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi: homa, usaha au harufu mbaya, ngozi kugeuka nyeusi, tumbo kuvimba ghafla upande mmoja, kichupa kujaa damu nzito haraka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na hasa pumzi kukata au kifua kuchoma. Papa Mapasa aliisoma kila usiku kabla ya kulala. Namshukuru.

Katika daftari namba zilishuka. Kulia, kwa siku, mililita 90, 75, 60, halafu zikapanda tena 70 siku niliyotembea sana, halafu 45, 35. Zikifika chini ya 30 kwa siku nzima, mrija unatolewa. Wa kulia ulitoka siku ya tisa, wa kushoto siku ya kumi na moja. Hauumi sana, unasikia kitu kirefu kinateleza ndani yako, basi. Siku ya kumi na tatu nilisimama nimenyooka nikaona paji la uso wangu katika kioo cha bafuni, ambacho wiki mbili kilinionyesha nywele tu.

Kosa langu nililifanya wiki ya tatu. Nilijisikia mzima, nikainua beseni la nguo zilizolowa. Kesho yake chini ya kitovu palikuwa pamejaa. Ukibonyeza upande huu, maji yanacheza upande ule. Dokta aliyavuta kwa sindano, sentilita kumi hivi, na baada ya siku tano akavuta tena kidogo. Maji hayo yanaweza kujikusanya hata kwa mtu asiyeinua kitu, ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, lakini mimi nilijua nililolifanya. Wiki sita hakuna beseni, hakuna ndoo, hakuna kubeba mtoto. Mapasa walipanda kitandani wenyewe wakanilalia ubavuni.

Sasa ni miezi minane. Tumbo ni tambarare, mgongo umetulia, nasonga bukari ya watu kumi bila kukaa. Kovu ni refu, lina rangi nyeusi kuliko ngozi yangu, na upande wa kulia lilianza kuinuka. Ngozi yetu nyeusi inapenda kufanya keloidi, kovu nene lililoinuka, kwa hiyo naweka bandeji ya silikoni kila usiku na dokta ananiangalia kila baada ya miezi miwili. Ameniambia nisilihukumu kabla ya mwaka kuisha.

Daftari bado lipo kabatini. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa mama mkwe, herufi kubwa zilizolala upande: kushoto, 25. Chini yake, bila kuruka mstari, ameandika vya kununua sokoni siku ile: unga, chumvi, sombe, sabuni, papai mbili za Mama Mapasa.