Tope la Illgraben lilivyonirudisha Katesh

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anasoma uhandisi Uswisi na alikuwa ananisumbua muda mrefu niende nikamtembelee. Kiangazi kilichopita nikaenda. Zürich naiacha, Geneva naiacha, picha zake mmeshaziona. Nilalamike bei tu halafu niendelee: supu na kipande cha mkate zilinitoka faranga zaidi ya 20, hela ambayo Babati nanunua kilo nne tano za nyama, na treni ndo usiseme kabisa, ukikata tiketi siku hiyohiyo bila kadi ya punguzo unaweza ukalia hapo dirishani.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ile tuliyoenda Leuk, jimbo la Valais. Treni inapita kwenye handaki la kilomita 34 na ushee, unatokea upande wa pili joto tofauti, hewa tofauti, mto Rhône upo hapo chini. Dogo akaniambia dada leo nakuonyesha kitu cha kwenye masomo yangu. Nikajua ni bwawa la umeme. Kumbe ni korongo.

Linaitwa Illgraben. Linashuka kutoka mlima Illhorn ambao ubavu wake umemomonyoka umebaki mweupe, na chini kabisa limetandaza mawe na udongo wa miaka na miaka hadi Rhône ikasukumwa ukingoni. Juu yake wameweka daraja la kamba za chuma, mita 134, wanaliita Daraja la Bhutan, lina vile vibendera vya rangi. Watu wanakuja kupiga picha na watoto. Lakini kwenye njia za kuvukia korongo kuna mabango ya hatari na taa, kwa sababu hapa tope linashuka mara kadhaa karibu kila kiangazi. Sio mara moja kwa karne, kila kiangazi!

Tulikuwa tumeshuka chini kwenye kivuko, kuna kijito cha maji ya kijivu hata mtoto anaruka, mvua ilikuwa imenyesha huko juu lakini sisi tulikuwa na jua. Taa ikaanza kuwaka, mlio ukafuata. Mama mmoja wa makamo alikuwa na mbwa wake upande wa pili akapiga kelele kwa Kijerumani huku anapunga mikono, lugha siijui ila mikono niliielewa, tukapanda ukingo mbio. Yule mama akazunguka akatufikia, akamshika dogo begani akamrudisha nyuma tena hatua kama kumi, kisha akasimama na sisi kimya. Nilitaka kuuliza kuna nini maana nilikuwa sioni kitu, kijito kilekile tu.

Zikapita dakika chache. Nikaanza kusikia miguuni kabla ya masikioni, ardhi inatetemeka. Halafu likatokea kwenye kona, na mbele hakukuwa na maji, narudia, hakukuwa na maji, ilikuwa ni mawe matupu yanasukumwa na yanagongana, jiwe moja ukubwa wa Noah linabebwa juujuu, nyuma yake ndo uji mzito wa kijivu umejaa korongo. Pale tulipokuwa tunapiga picha pakafunikwa. Harufu ya udongo mbichi ikatufikia, na hiyo harufu ndo iliyonimaliza, nikakaa chini. Dogo alijua kwa nini, hakuniuliza.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, mlima Hanang, kwetu mkoani Manyara, ulishusha tope kama hilihili juu ya mji wa Katesh ulio chini yake na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nilifika Katesh siku zilizofuata, na harufu ilikuwa ni hiyo, soko limejaa magogo na mawe, nyumba zimekatwa katikati. Hakuna taa iliyowaka kwa wale watu. Wengi walikuwa wamelala.

Jioni tukiwa kwenye treni dogo akanieleza kila kitu na mimi nikawa nauliza mpaka watu wanatugeukia. Kwanza hiyo taa: huko juu wameweka vifaa vya kusikia mtetemo wa ardhi, korongo likitikisika kwa namna fulani taarifa inashuka yenyewe haimsubiri mtu apige simu. Halafu ndani ya korongo kuna kuta za zege karibu 30 zimepangwa kwa ngazi, zilianza kujengwa baada ya mlima kuporomoka vibaya mwaka 1961. Mimi nilidhani ukuta kazi yake ni kuzuia tope lisipite, akasema hapana dada, hizi kazi yake kubwa ni kulifanya korongo lisiwe na mteremko mkali na lisijichimbe, maana tope likishuka linakula sakafu na kingo za korongo, linanenepa njiani.

Kinachokamata tope hasa ni neti. Pete za chuma zimeshikana, zinaning'inizwa kwenye kebo nene zilizotiwa nanga kwenye miamba pande zote mbili, na kwenye kebo kuna vitu vinavyonyooka taratibu kupunguza kishindo ili isikatike. Chini wanaacha nafasi, kijito cha kila siku kinapita. Tope likija maji yanachuja yanatoka, mawe yanabaki, na tope likikosa maji linasimama. Mwaka 2006 neti ya majaribio hapohapo Illgraben ilikamata kama mita za ujazo 1,000. Lakini tope moja la pale linaweza kuwa makumi ya maelfu, kwa hiyo neti moja haitoshi, kwenye makorongo mengine wanaweka kadhaa kwa mstari. Na ikijaa ni lazima eskaveta iende ikazoe, vinginevyo mzigo unaofuata unapita juu kana kwamba hakuna kitu.

Hapo kwenye kuzoa ndo nilipogoma kulala usiku ule. Kwetu tunajenga, tunakata utepe, mtaro ukijaa mchanga hakuna anayerudi. Neti za Uswisi najua ni ghali, kama hiyo supu tu ilinishinda. Ila magabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, tunayajua, mafundi wapo, mawe yapo, na king'ora hakina gharama ya neti. Mzee mmoja wa Katesh aliniambia asubuhi ile walisikia muungurumo wakadhani ni ngurumo ya mvua, yaani mlima uliwapigia kelele na hakukuwa na kitu cha kuitafsiri ile kelele.

Nikifika nyumbani naanza na diwani. Nataka kujua makorongo yanayoshuka kuelekea mjini nani anayakagua kabla ya masika, na kama kuna fungu la kuzoa, liko kwa nani. Dogo ameshanitumia picha na michoro kwenye simu, nitaenda nayo.