Saa moja kando ya ziwa

Goma, Jumapili jioni

Mama mwenye kazi akisema angependa kusaidia mtaani, wengi humpima moyo. Moyo anao. Anachokosa ni saa. Asubuhi anatoka, anarudi giza limeshaingia, na hapo katikati kuna sufuria, sare za watoto, likilimba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), na msiba ambao hawezi kuacha kwenda. Basi kazi ya kujitolea ishonwe kwa kipimo cha saa aliyo nayo, kama kikwembe kinavyoshonwa kwa kipimo cha mwili.

Saa hiyo ipo: kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili na nusu alfajiri, watu wanapoteremka Ziwa Kivu na bidoni, yaani madumu ya maji. Ziwa wanalochota ndilo hilo wanalooga na kufulia, na jiwe la volkano halichimbiki kirahisi ili kila kiwanja kipate choo kirefu. Waliokuwa watu wazima hapa mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini.

Kazi ya mama saa hiyo ni kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye bidoni hizo. Huonekana kazi ya mkono tu, kumbe ni kazi ya kipimo. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 15 katika lita moja ya maji safi, hutoa dawa ya asilimia 1. Unga ndio unaotiwa ndani ya maji; maji hayamwagwi juu ya unga. Chombo kiwe cha plastiki, kwa kuwa chuma huliwa. Ukishakoroga, iache itulie, uchukue maji ya juu yaliyo maangavu, uyatie kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Mililita 1 ya dawa hiyo katika bidoni ya lita 20 ni miligramu 0.5 za klorini kwa kila lita.

Watu wakishapata hesabu hiyo hudhani wamemaliza, wakashika kipimo kimoja mwaka mzima. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Maji ya jana siyo ya leo: mvua ikinyesha usiku na kushusha udongo, uchafu hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Jaribu upya. Bidoni nne za lita 20, zitie dawa mililita 1, 2, 3 na 4. Subiri dakika 30. Tumia kidonge cha DPD, kile cha kupima klorini kinachogeuza maji rangi ya waridi, na uchague bidoni iliyobaki na karibu miligramu 0.5 kwa lita. Maji ya Kivu tena yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali) karibu na 9, yaani ni ya alkali, na klorini hufanya kazi polepole katika maji ya namna hiyo. Kwa hiyo nusu saa haikatwi, hata mtu akilalamika kwamba mtoto ana kiu. Na bidoni ya lita 5 haipewi kipimo cha sirinji cha bidoni ya lita 20. Foleni ikiwa ndefu, kosa hili huja lenyewe.

Bidoni yenye utando wa kijani ndani hurudishwa. Changarawe nyeusi, ambayo hapa haikosekani, sabuni kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, suuza. Ni aibu kumwambia jirani mbele ya watu, kwa hiyo mwite pembeni: “Mama, tusafishe kwanza hii, dawa isipotee bure.” Akilalamika kwamba maji yananuka Javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia, harufu ndogo ni alama kwamba dawa imebaki. Harufu kali ni kosa la mtia dawa, lisibishaniwe.

Mama aliyedumu ziwani miezi kadhaa ndiye watu wa avenyu, yaani wa mtaa wake, humtaja wanapochagua reko, mtu wa kujitolea anayetembelea nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Ajue kusoma na kuandika, akae palepale, na aelewe tangu mwanzo kwamba hakuna mshahara. Siku za kampeni huenda akapata kidogo cha usafiri. Anayeingia kwa kungojea hicho kidogo huondoka kampeni ikiisha. Mimi ningemshauri akatae nyumba nyingi: kumi na tano za karibu, zigawanywe kwa Jumamosi mbili, zinatosha.

Huko kwenye nyumba anazotembelea makosa ni machache lakini mabaya. Pakiti ya SRO, chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, ni ya lita moja nzima ya maji, imalizwe au imwagwe ndani ya saa 24. Ikitiwa yote kwenye glasi, mtoto anayeharisha hupewa chumvi ya kumdhuru. Utepe wa mkono, wa kupima utapiamlo, ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, usikazwe wala kulegezwa. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: kituoni leo, siyo Jumatatu.

Turudi ziwani, maana saa kumi na mbili na nusu imefika. Sirinji isuuzwe, chupa ifungwe na kuwekwa gizani, bidoni zihesabiwe kwa vijiti vitano vitano kwenye daftari, na dada wa zamu ya pili aambiwe kipimo cha leo kabla mama hajafunga kikwembe chake kupanda kwenda kazini.